Kadi 12, na moja inayogeuka jiwe

Kwenye deki yangu, yaani fungu la kadi ninalochezea gemu ya Marvel Snap, kuna kadi ambayo deki yenyewe ndiyo inaiua. Sio mpinzani. Ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, zamu ya tatu au ya nne nikiweka ile kadi ninayoitegemea kuliko zote, palepale hii nyingine inageuka jiwe huko ndani ya deki na nikija kuivuta baadaye naikuta haichezeki. Nimekaa na huu mgogoro miezi kadhaa sasa, nimebadilisha kadi, nimerudisha, nimetoa tena, na leo nataka kuandika yote maana nadhani kuna kitu nimekielewa ambacho mwanzoni nilikuwa natafuta sehemu isiyo yake kabisa.

Kwa ambao hamjawahi kuicheza Marvel Snap ngoja niseme haraka ili twende pamoja. Ilitoka rasmi Oktoba 2022, imetengenezwa na Second Dinner, ile studio ya Ben Brode ambaye kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi wa Hearthstone, gemu nyingine ya kadi. Deki ni kadi 12 tu na hakuna kadi inayojirudia. Mechi ina zamu 6, zamu ya kwanza una nishati 1, ya pili 2, hivyohivyo mpaka 6. Katikati ya skrini kuna maeneo matatu, kila eneo linabeba kadi zako nne mwisho. Kila kadi ina bei yake kwa nishati na ina nguvu zake, mwenye jumla kubwa ya nguvu kwenye eneo ndiye analishinda, na ukishinda mawili kati ya matatu mechi ni yako. Unaanza na kadi 3 mkononi halafu kila zamu unavuta moja, kwa hiyo mpaka zamu ya 6 umeziona 9 kati ya 12. Hiyo hesabu ishikeni, maana kila kitu nitakachosema kinatoka humo.

Kitu cha pili ni kyubu. Mechi inaanza na dau la kyubu 1, na zamu ya mwisho dau linajizidisha mara mbili lenyewe. Kila mchezaji anaweza kupiga snapu mara moja, na snapu nayo inazidisha dau mara mbili kuanzia zamu inayofuata, kwa hiyo mechi ambayo wote wawili wamepiga inaishia kwenye 8. Na muda wowote unaweza kujitoa ukalipa dau lililopo wakati huo, ukajiokoa na lile kubwa linalokuja. Renki yako inapanda kwa kyubu, haipandi kwa idadi ya mechi ulizoshinda. Mimi hili nililijua kwa mdomo muda mrefu sana kabla sijalijua kweli.

Sasa deki. Mister Negative ni kadi ya nishati 4 yenye nguvu -1, ndiyo, hasi moja, na ikifunuliwa mezani inageuza kadi zote zilizobaki ndani ya deki yako, bei inakuwa nguvu na nguvu inakuwa bei. Iron Man anauzwa nishati 5 na nguvu zake ni 0, kazi yake ni kuzidisha mara mbili nguvu zako zote za eneo alilopo. Akipitiwa na Mister Negative anakuwa wa bure, bei 0, na nguvu 5 juu yake. Mystique, ambaye anakopi uwezo wa kudumu (ule unaofanya kazi muda wote kadi ikiwa mezani) wa kadi uliyotoka kuicheza, ni 3 na 0, kwa hiyo naye anageuka bure. Hapo kila anayeijua gemu anajua naelekea wapi, deki za Mister Negative zipo tangu zamani na sidai nimeigundua mimi.

Changu ni The Living Tribunal. Huyu ni wa nishati 6, na uwezo wake wa kudumu unachukua nguvu zako zote za maeneo matatu unazigawa sawasawa. Ukifikiri kidogo unaona utamu wake: Iron Man anakupa eneo moja lenye nguvu za kutisha na mawili makavu, yaani unashinda moja kwa kishindo na mechi unapoteza. Tribunal anachukua ule mlima mmoja anaujengea vilima vitatu. Na zamu ya 6 ndiyo una nishati 6 kamili, Tribunal anazimaliza zote, lakini kama Iron Man na Mystique wameshageuka bure unaweza kuwashusha wote watatu kwa mpigo! Siku nilipoiona hiyo sikulala mapema.

Tatizo mmeshaliona nadhani. Nilipokuwa naijenga Tribunal alikuwa na nguvu 9. Akigeuzwa akiwa bado ndani ya deki anakuwa kadi ya bei 9 na nguvu 6, na gemu hii kwa kawaida haikupi nishati 9. Amekuwa jiwe. Ili acheze ni lazima awe mkononi kabla Mister Negative hajashuka, wakati Iron Man na Mystique nawataka wakae ndani ya deki wakisubiri kugeuzwa. Sasa utamwambiaje deki avute huyu aache wale?

Deki ya kwanza niliijenga kama wengi tunavyojenga, nikaweka kila kinachopendeza. Onslaught alikuwemo kwa sababu anazidisha uwezo wa kudumu. Wong alikuwemo kwa sababu anarudia uwezo wa kadi zinazofunuliwa, nikawa namwota na Ironheart anayegawa nguvu mbili-mbili kwa kadi zangu tatu. Bast alikuwemo kwa sababu kwenye deki za Mister Negative kila mtu anamweka, anafanya kadi zote za mkononi ziwe na nguvu 3, hivyo yule wa hasi moja anapona. Ukiisoma ile orodha kadi moja moja inavutia sana, kila kadi inaeleza kwa nini ipo.

Ikapigwa. Sio kidogo. Nikawa napoteza mechi nikiwa na kadi tano mkononi sina pa kuzipeleka.

Nilichofanya, na hiki ndicho ningemshauri mtu yeyote anayejaribu deki ngeni, ni kuacha kuangalia kadi zinafanya nini nikaanza kuangalia zinakaa zamu gani. Nilichukua karatasi nikachora zamu sita nikaanza kuweka kadi kwenye zamu zake. Zamu ya 4 ilikuwa imejaa: Mister Negative, Wong, Jubilee. Zamu ya 6 ilikuwa na Onslaught na Tribunal, na hawawezi kushuka pamoja hata siku moja maana kila mmoja anakula nishati zote. Zamu ya 1 na ya 2 karibu hazina kitu. Yaani nilikuwa na deki ya kadi 12 ambazo tatu zinagombea zamu moja na mbili nyingine zinagombea zamu nyingine, kwa hiyo hata nikivuta vizuri kadi tatu hazitashuka, ni kama nacheza na kadi tisa.

Onslaught akatoka siku hiyohiyo. Naye akigeuzwa anakuwa wa bei 7, jiwe la pili. Mawe mawili kwenye kadi 12 ni mengi mno.

Wong alinisumbua zaidi. Nampenda Wong. Lakini yeye anataka zamu ya 4, na zamu ya 4 ina mwenyewe, na asipopata zamu ya 4 hana maana. Akatoka. Bast ndiye aliyechelewa kutoka kuliko wote na sababu inachekesha kidogo, nilikuwa nimemweka kwa mazoea tu, nimekopi kutoka deki za watu bila kuuliza. Siku moja natazama mkono wangu, Bast ameshashuka, Tribunal aliyekuwa 9 sasa ni 3. Nguvu sita zimeondoka kwa kadi yangu mwenyewe! Kwenye deki ya kawaida ya Mister Negative Bast yuko sawa kwa sababu hakuna kadi kubwa ya kuumia, kwenye yangu alikuwa anamponya mmoja na kumjeruhi mwingine. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kadi ukiikopi unakopi na sababu zake, na sababu zile huenda hazipo kwako.

Sasa tuje kwenye namba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo deki ilipoanza kunifungukia.

Mister Negative zamu ya 4 anachelewa. Zinabaki zamu mbili, maana yake utavuta kadi mbili tu zilizogeuzwa. Akishuka zamu ya 3 unavuta tatu, na hiyo moja ya ziada ni tofauti kubwa mno. Ili ashuke zamu ya 3 unahitaji Psylocke, ambaye anachezwa zamu ya 2 na zamu inayofuata anakupa nishati moja ya ziada. Kwa hiyo Psylocke awe ndani ya kadi 5 za kwanza na Mister Negative ndani ya 6 za kwanza. Nafasi ya hilo kutokea ni 5 kwa 12 mara 5 kwa 11, unapata kama asilimia 19. Yaani mechi moja kati ya tano, kidogo pungufu. Nilikuwa nimejenga deki nzima juu ya kitu kinachotokea mara moja kati ya tano halafu nashangaa kwa nini haitokei.

Nikamwingiza Zabu. Huyu aliwahi kupunguzwa makali lakini kwa kazi ninayomtaka anatosha, zamu ya 2 anashuka na kadi za bei 4 zinakuwa 3, Mister Negative anapita zamu ya 3. Sasa nina njia mbili badala ya moja. Nikapiga hesabu upya, angalau mmoja kati ya Psylocke na Zabu ndani ya kadi 5 za kwanza na Mister Negative ndani ya 6 za kwanza, inakuja 210 kwa 660, karibu asilimia 32. Kutoka 19 mpaka 32 kwa kubadilisha kadi moja tu. Hakuna kadi nyingine niliyowahi kuiweka kwenye deki hii iliyofanya kazi kubwa hivyo, na haina mng'ao wowote, nguvu zake mwishoni hazimtishi mtu.

Nikafurahi. Halafu nikapiga hesabu ya pili ambayo afadhali ningeanza nayo.

Kama Psylocke na Mister Negative wote wapo ndani ya kadi 6 za kwanza, zimebaki nafasi 4 kwa ajili ya kadi 10 nyingine. Kwa hiyo nafasi ya Tribunal kuwa mkononi wakati huo ni 4 kwa 10. Asilimia 60 ya wakati yuko ndani ya deki na anageuka jiwe. Mister Negative akichelewa mpaka zamu ya 4 nimeona kadi 7, na Tribunal yuko mkononi 6 kwa 11, asilimia kama 55. Mmeona? Kadiri nilivyokuwa naiharakisha injini, yaani Mister Negative, ndivyo nilivyokuwa nammaliza yule wa kufunga mechi. Kila nilichoita maboresho kilikuwa kinaongeza mgogoro. Nilikaa nikaitazama ile karatasi muda mrefu sana, nikafikiri basi, hii deki haiwezekani, ndio maana hakuna anayeicheza.

Kilichoiokoa kilikuwemo ndani tayari. Jubilee ni kadi ya bei 4 yenye nguvu 1, akifunuliwa anachomoa kadi kutoka ndani ya deki anaiweka pale eneo alipo, bila kulipia. Nilikuwa nimemweka kwa sababu ndogo tu, akigeuzwa anakuwa bei 1 na nguvu 4, poa. Sikuwa nimefikiri kabisa kwamba jiwe la bei 9 kwake sio jiwe. Yeye haulizi bei. Tribunal aliyegeuzwa akichomolewa na Jubilee anaanguka mezani na nguvu zake 6 na uwezo wake wote uko palepale.

Niligundua hilo kwenye mechi, sio kwenye karatasi, na mechi yenyewe nataka kuisimulia yote kwa sababu ilinipa furaha kubwa na hasara kubwa kwa wakati mmoja.

Zamu ya 2 Psylocke, zamu ya 3 Mister Negative, safi. Tribunal hajaonekana, yuko ndani, jiwe. Zamu ya 4 navuta Mystique wa bure namshikilia, naweka Ironheart eneo la katikati. Zamu ya 5 navuta Jubilee aliyegeuzwa, naweka Jeff the Baby Land Shark palepale katikati na nguvu zake 3. Mpinzani anapiga snapu. Ana haki, nilikuwa nimeachwa kila mahali. Nikabaki. Zamu ya 6 navuta Iron Man wa bure, moyo unadunda. Namweka Iron Man katikati, namfuatisha Mystique, hapo eneo lina Ironheart 0, Jeff 3, Iron Man 5, Mystique 3, jumla 11, mara mbili mara mbili, 44. Jubilee kwa nishati 1 nikamweka kulia. Ndani ya deki zimebaki kadi tatu. Anafunuliwa, anachomoa, ni Tribunal. Skrini ikatulia kidogo halafu namba zote zikaanza kutembea, 44 ikashuka, kulia ikapanda, kushoto kulikokuwa na vitu vidogo tu kukapanda, ikasimama kama 19 kila eneo. Nilishinda yote matatu. Kyubu 4.

Nikapiga picha ya skrini. Nikaitazama mara nyingi sana. Na wiki nzima iliyofuata deki ilishuka vibaya, kwa sababu kila mechi nilikuwa nabaki nikiisubiri ile picha ijirudie.

Baadaye nikaichukua ile mechi nikaihesabu kwa utulivu. Zamu ya 5, wakati mpinzani amepiga snapu, ndani ya deki yangu kulikuwa na kadi nne. Nilihitaji Iron Man awe ndiye ninayemvuta, moja kwa nne, halafu Jubilee amchomoe Tribunal kati ya tatu zilizobaki, moja kwa tatu. Moja kwa 12. Asilimia 8 na kitu. Kujitoa pale kungenigharimu kyubu 1. Kubaki maana yake zamu ya 6 kujitoa ni 2, na kufika mwisho ukapoteza ni 4. Nilikosea kubaki zamu ya 5, hakuna namna ya kulitetea. Lakini, na hii ilinishangaza, zamu ya 6 baada ya Iron Man kuja nilikuwa sahihi kuendelea: nafasi moja kwa tatu ya kupata 4 na mbili kwa tatu za kupoteza 4, wastani wake ni kupoteza 1 na theluthi, na kujitoa pale ni kupoteza 2. Mechi moja, uamuzi wa kwanza mbaya, wa pili mzuri, na ushindi ukaufunika ule mbaya nisiuone. Kupoteza kungenifundisha siku hiyohiyo.

Kuanzia hapo nikabadilisha swali. Nilikuwa nauliza, nifanyeje deki hii ishinde mara nyingi zaidi? Nikaanza kuuliza, deki hii inaniambia lini kama leo ipo au haipo? Haya ni maswali mawili tofauti kabisa na majibu yake yanakupeleka kwenye kadi tofauti. Chukua mechi kumi. Sita unajitoa mapema, kyubu 1 kila moja, umepoteza 6. Nne unashinda, mbili kwa 4 na mbili kwa 2, umepata 12. Umeshinda asilimia 40 tu na umepanda kyubu 6. Deki nyingine inashinda mechi sita kwa 2 na kupoteza nne kwa 4, kwa sababu haikuoneshi kwamba umekwisha mpaka zamu ya mwisho, na yenyewe imeshuka kyubu 4 huku mwenyewe anaringia asilimia 60. Deki ya majaribio haishindi mara nyingi, huo ndio ukweli wake, kwa hiyo inachohitaji ni kuwa na mdomo, iseme mapema.

Na hapo nikaanza kuona kwamba yangu ina mdomo kweli. Mpaka zamu ya 3 nimeona nusu ya deki. Nikiwa na wa zamu ya 2 na Mister Negative, ipo. Nikiwa sina Mister Negative lakini nina Iron Man na Tribunal mkononi, ipo pia, njia ya pili, hii niliidharau muda mrefu: zamu ya 5 Iron Man kwa bei yake ya kawaida, zamu ya 6 Tribunal kwa bei yake ya kawaida, Mister Negative hahitajiki kabisa. Nikiwa sina hili wala lile mpaka zamu ya 4, naondoka na kyubu 1 yangu bila kinyongo. Kuna siku najitoa mara tano mfululizo. Mwanzoni ilikuwa inaniuma, inakuwa kama unakimbia, sasa hivi nahesabu tu.

Hiyo njia ya pili ndiyo iliyoniambia kadi zipi zikae. Kila kadi nikawa naipima hivi: inasaidia njia ya kwanza, inasaidia ya pili, au zote? Ironheart anasaidia zote mbili, kabla ya kugeuzwa anagawa nguvu, baada ya kugeuzwa ni wa bure na bado anagawa. Jeff anasaidia zote, anaingia eneo lolote hata lililofungwa na anaweza kuhama mara moja, na eneo la kuzidishwa linahitaji mizigo ya kuzidishwa, mara nne ya sifuri ni sifuri. Kadi nane sasa hazitikisiki, Mister Negative, Psylocke, Zabu, Iron Man, Mystique, Tribunal, Jubilee na Ironheart. Jeff amekaribia kuwa wa tisa. Hizo nyingine zinaingia na kutoka kutegemea nakutana na nini wiki hiyo.

Kuhusu wapinzani, kuna jambo moja zuri sana la mpango huu ambalo sikulipanga. Wengi wanabeba Shang-Chi, anayeua kadi zako zenye nguvu nyingi eneo alilopo. Kwangu, ukimtoa Tribunal asiyegeuzwa, hakuna kadi ndefu ya kukata, wengine wote ni wafupi, wa 5, wa 3, ukubwa unatokea kwenye kuzidisha na sio kwenye kadi. Mara nyingi anashuka anakuta hana wa kumwua. Cosmo ndiye ananitesa, akikaa eneo fulani uwezo wa kufunuliwa haufanyi kazi pale, na mimi Mister Negative, Mystique, Jubilee wote wanategemea kufunuliwa. Dawa niliyoipata ni kutoonesha mapema eneo langu kuu ni lipi, nawatawanya wadogo maeneo yote mpaka zamu ya 6 na Iron Man anashuka mwisho, hapo Cosmo alishachagua pa kukaa.

Lakini kelele za zamu ya 3 bado hazijapata dawa kamili. Mister Negative akishuka zamu ya 3 kila mtu anajua kinachokuja, na wapinzani wazuri wanajitoa palepale, unabaki na kyubu 1. Yaani siku deki inapokuwa nzuri kuliko zote ndiyo siku inayolipa kidogo. Kwa hiyo sasa napiga snapu kabla. Nikiwa zamu ya 2 na mkononi nina Zabu au Psylocke na Mister Negative yupo tayari, napiga snapu hapohapo, meza tupu, hajaona chochote cha kuogopa. Na Tribunal ananisaidia kwa namna yake, kwa sababu mpinzani anayedhani hii ni deki ya kawaida ya Mister Negative anakubali kupoteza lile eneo moja kubwa anapeleka nguvu zake kwenye mawili mengine, anaona anashinda, anabaki mpaka mwisho akiwa na amani kabisa. Anayebaki na amani ndiye anayelipa 4.

Sasa hivi kinachoninyima usingizi ni nafasi ya 12. Nimejaribu Armor, nimejaribu Iceman, nimemjaribu Cosmo wangu mwenyewe nikaacha, anawazuia watu wangu kuliko wa mpinzani. Kwa kuhesabu nadhani inayohitajika ni kadi ya zamu ya 1, maana bado zamu hiyo naipita mikono mitupu, lakini iwe ya bei 1 na nguvu zaidi ya hapo inageuka ghali ikibaki ndani, na ya nguvu kidogo haibebi mzigo kwenye eneo la kuzidishwa. Juzi nikafikiria kumrudisha Wong. Sio kwa ajili ya zamu ya 4, hiyo nimeshaiacha. Wong akigeuzwa ni bei 2 na nguvu 4, halafu Jubilee aliyegeuzwa ni bei 1, jumla 3, wakikaa eneo moja Jubilee anachomoa mara mbili badala ya moja, na kama ndani zimebaki kadi tatu na Tribunal yumo, ile moja kwa tatu inakuwa mbili kwa tatu. Wong anatakiwa abaki ndani ya deki mpaka zamu ya 3 na avutwe kabla ya kumalizika mechi, kwa hiyo najua haitatokea mara nyingi. Nimeiweka tangu jana usiku. Mpaka sasa nimecheza mechi kumi na moja, Wong amegeuzwa mara tatu na hajakutana na Jubilee hata mara moja, na nimempa mechi nyingine ishirini kabla sijaamua.